Siku Moja ya Ugeni

Usiiwashe, Kaupo.
Ondoa kidole hapo.
Imepandishwa ngazi tatu ikiwa imelazwa ubavu
kama godoro, na vijana wawili wa uchukuzi
wenye haraka ya kurudi kwenye gari lenye joto,
na mafuta yake sasa yametawanyika
katika mabomba yasiyo yao.
Yaache yateremke.
Yape usiku kucha yarudi kwenye kompresa
tone kwa tone, bila kusukumwa.
Hata mgeni wa miguu hapewi jembe mlangoni,
hupewa siku mbili.
Huyu nimemkatia moja.

Najua tasnifu yako ina tarehe.
Najua profesa huingia kila asubuhi
na theluji mabegani, akauliza, "Bado?"
Mwambie bado.
Mwambie Aita kakataa.

Nje, Tartu imeshuka ishirini na mbili chini ya sifuri,
mto umegeuka barabara, watoto wanauvuka na mikoba,
nawe unacheka: baridi yote ile ya bure!
Tupitishe mipira dirishani
tuache kulibembeleza sanduku.
Nimecheka pia.
Lakini baridi ya nje haina adabu,
huja ipendavyo, huondoka na vidole vya watu.
Humu tunataka baridi inayosikia neno:
kumi na tano chini, basi,
izunguke kwenye kioo chako saa sita mfululizo
ili mvuke wa etha upoe, urudi chupani,
usiende kutafuta cheche.

Wakati tunasubiri, shika bisibisi.
Kila mpira na kibanio chake. Si uzi, si utepe,
si ile "umeshika tu" yako.
Isogeze kutoka ukutani, nayo inapumua.
Changanya glaikoli; maji matupu yataganda humo
na kupasua koo lake.
Na plagi, futa mikono kwanza.
Nimeshasema? Nitasema tena.

Ile ya zamani, ya rangi ya maziwa,
niliiua mimi.
Ilikuja majira kama haya, imelazwa kwenye gari.
Nilikuwa na umri wako, na haraka yako.
Haikupita saa nikabonyeza.
Ikagonga mara tatu
kama mtu aliyefungiwa kabatini,
ikatoa harufu ya nywele zinazoungua, ikanyamaza.
Nikasema ni umeme.
Jengo kuukuu, nyaya kuukuu, nani angebisha?
Olev, fundi umeme, akaandikiwa barua ya onyo,
akaisoma amesimama pale kwenye beseni,
akaikunja mara nne, akaitia mfukoni,
akaniuliza kama nimeshtuka.

Sasa unajua kwa nini sitoki hapa usiku huu.

Saa moja asubuhi, giza bado limelala juu ya mapaa.
Wewe umelalia kiti, mdomo wazi, daftari kifuani.
Nimepitisha kidole kwenye kila kiungo: pakavu.
Kimiminika kimefunika koili, upana wa vidole viwili juu yake.
Amka. Bonyeza wewe.

Imekohoa mara moja.
Nimeshika ukingo wa meza nikihesabu,
moja,
mbili,
na ya tatu haikuja. Wala hizo mbili hazikuwa zake,
zilikuwa moyo wangu.
Kisha mngurumo mdogo, sawasawa,
na tarakimu zikaanza kushuka:
ishirini, kumi na tisa, kumi na nane na nusu.

Unaniuliza Olev yuko wapi siku hizi.
Yuko Võru, anafuga nyuki.
Namba yake ninayo, imeandikwa nyuma ya mwongozo huu,
ukurasa wa mwisho, kwa penseli,
tangu mwaka ambao hukuwa umezaliwa.

Tazama kipimajoto, Kaupo.
Usinitazame mimi.